Kilichobaki Chini ya Ulimi wa Mpira

3 Februari

Mdogo wangu Kinyaa,

Mungu akulinde wewe, wifi na watoto. Mimi mzima, ila mikono inabambuka ngozi kwa dawa kama kawaida. Barua hii nampa dereva wa lori la ngozi, kwa hiyo ikikufikia inanuka usiseme ni dada yako. Ya kwako ya mwisho niliianika kwenye kamba siku mbili pamoja na soksi ndipo nikaweza kuikaribia. Na simu yako je, haijafufuka? Wifi alimtuma dereva aniambie ilitumbukia kwenye pipa la matumbo. Mtu ambaye utotoni hakunywea kikombe alichogusa mwenzake, mpaka mama akamwita Kinyaa, leo simu yake imezikwa kwenye mavi ya ng'ombe. Nilicheka mpaka nikajionea haya.

Sasa kicheko kiishe. Jana ilikuwa siku yako hapa hospitali, na hukutokea.

Daktari Miwani alikaa na karatasi yenye jina lako mpaka adhuhuri. Kila akitoka chumba cha kamera ananichungulia kwenye chumba changu cha kuoshea: "Sabuni, ndugu yako yuko wapi?" Nikasema barabara imeharibika. Nimetoka kusali asubuhi, saa nne nadanganya. Unaona unavyonitia dhambini?

Najua ulielezwa ukiwa bado na ulevi wa sindano, basi nakueleza upya. Ule mpira wa kamera ulipita kooni, ukapita tumbo, ukafika mwanzo wa utumbo mwembamba, pale nyongo inapomwagikia. Hapo kuna kivimbe. Daktari alinyofoa vipande, maabara wakavitazama. Si saratani. Lakini chembe zake zimeanza kubadilika, na kikiachwa kitaelekea huko. Kinatolewa kwa mpira huohuo, bila kupasuliwa. Daktari amekupa nafasi nyingine kabla ya katikati ya Aprili. Baada ya hapo anaenda masomoni, na anayebaki hajawahi kutoa cha mahali hapo.

Wewe unakumbuka mama alivyokuwa mwishoni. Macho kama kiini cha yai, anajikuna mpaka damu, na majirani wanasema ni malaria ya muda mrefu. Sitaki kukuona hivyo.

Nisamehe siku ile ya kipimo sikukukumbatia vizuri. Nilikuwa na mafua makali, niliogopa kukuambukiza.

Dada yako,
Sabuni

11 Februari

Dada Sabuni,

Salamu zimefika, na harufu imefika. Usimsingizie barabara. Barabara ni nzuri. Sikuja kwa sababu sitaki.

Kazi yangu unaijua. Nasimama machinjioni mbele ya karo, naletewa utumbo bado una joto la mnyama. Nakamua mavi kwa vidole viwili. Naugeuza ndani nje kwa kijiti, nausugua chumvi, naunyanyua kwenye taa. Nikiona fundo au vipele namwita mkaguzi, anaupaka rangi ya bluu, unakwenda shimoni. Mimi ningekuwa mbuzi, dada, saa hizi nishapakwa bluu. Na hakuna ambaye angesema tumrudishie utumbo mbuzi huyu tumwondolee fundo kwa kamera.

Halafu nyongo! Hapa kwetu mtu akipasua kifuko cha nyongo watu wanamtukania ukoo mzima. Ule ukijani ukigusa nyama, hauoshwi ukatoka. Na wewe unaniambia waya uingie uunguze palepale nyongo inapomwagikia? Utumbo mwembamba naujua, nikiutia mkono naona vidole vyangu upande wa pili. Ukitoboka?

Na sikukwambia yote. Siku ya tatu baada ya kutoka kwenu nilishikwa na homa ya kutetemeka, meno yanagongana, wifi yako kanifunika blanketi nne na bado naita blanketi. Mkojo rangi ya chai. Zahanati walinidunga sindano siku saba. Nilikwenda kwenu mzima nikarudi mgonjwa. Hii ndiyo tiba?

Jambo jingine, na hili linanirudia kila nikikaa kula. Nilipozinduka siku ile, mlango wa chumba chako ulikuwa wazi. Nilikuona umeinama kwenye beseni, unavuta brashi kwenye ncha ya mpira uliotoka kwangu. Ikatoka na kitu cha kahawia, kigumu kigumu, kama kamasi lililokauka. Ukakitazama. Ukauinua mpira ukaunusa. Ukaunusa, dada! Nikajiambia, hicho ndicho kilichomo ndani yangu. Tangu siku hiyo nikimeza mate yangu mwenyewe naona kinyaa.

Swali langu ni hili: mpira ule kabla ya kuingia kwangu ulitoka kwa nani? Na jingine: Daktari Miwani alisema ndugu wa tumbo moja wote wachunguzwe. Wewe umeshachunguzwa?

Mdogo wako,
Kinyaa

17 Februari

Mdogo wangu,

Barua yako nimeisoma nimesimama, nikaisoma tena nimekaa. Pole kwa homa. Mbona hukuniambia? Ningekuja.

Nikueleze tunavyoosha, roho itulie. Mpira ukitoka kwa mgonjwa, hapohapo unafutwa na kuvutishwa maji ya sabuni, kabla utelezi haujakauka. Kisha unakuja kwangu. Nauzamisha, naujaza upepo nione kama una tundu. Napitisha brashi ndefu kwenye njia zake za ndani, inaingia huku inatokea kule, na inachotoka nacho sikutajii, kwa sababu mara ya mwisho nilipomtajia jirani alimwaga uji wake. Halafu unaingia kwenye mashine ya dawa kali, unasuuzwa, unakaushwa, unaning'inizwa kabatini kama nguo ya sikukuu. Miaka kumi na moja nafanya hivyo. Kazi hii nimeifanya kama ibada.

Na matibabu yenyewe si kama unavyodhani. Kuna kitanzi chembamba cha waya kinachopita ndani ya mpira. Kinakivika kivimbe kwenye shingo, kinakazwa, unapita umeme, kivimbe kinakatika na jeraha linaungua lisivuje damu. Halafu wanaingiza kibomba kidogo cha plastiki ili nyongo isizibiwe njia. Kutoboka kunaweza kutokea, kutoka damu kunaweza kutokea, sikufichi. Ndiyo maana utalazwa siku mbili watu wakuangalie. Lakini mkono wa Daktari Miwani ni mtulivu. Na wewe hutasikia kitu, utakuwa usingizini ukikoroma kama kawaida yako.

Nakuombea kila nikitandika mkeka wangu. Usichelewe. Mama alichelewa kwa sababu hatukujua. Sisi tunajua.

Msalimie wifi.

Dada yako,
Sabuni

25 Februari

Dada,

Umeniandikia ukurasa na nusu na maswali yangu mawili hukuyajibu. Unadhani kwa sababu naosha matumbo na akili yangu ni ya matumbo?

Wifi yako amesoma na yeye. Alipofika kwenye brashi inaingia huku inatokea kule aliweka barua chini akaenda kukaa nje. Amesema, "Wifi yangu anajua kubembeleza." Hakuwa anasifu.

Lakini usiku huu wa mawazo umenichosha, nataka ukome. Nimeanza kuhisi uzito chini ya mbavu. Labda ni hofu. Nikijitazama kwenye kioo navuta kope chini nione kama macho yamegeuka rangi. Mtoto wa mwisho ameniuliza, "Baba, unatafuta nini kwenye jicho?" Nikamwambia natafuta mdudu.

Kwa hiyo tufanye jambo moja. Mimi wewe nakuamini. Tangu utoto hujaniapia uongo, hata siku ile ya sukari iliyopotea ulikubali kuchapwa. Niapie kwa Mungu unayemwabudu kwamba ule mpira ulioniingia ulikuwa safi, na kwamba homa ile haikutoka kwenu. Andika tu neno moja, naapa. Ukiandika hilo, nakuja lori likigeuza. Sitauliza tena.

Kinyaa

2 Machi

Mdogo wangu mpenzi,

Nimeandika hilo neno mara tatu na mara tatu nimechana karatasi. Mungu anaona lilikuwa neno fupi, na lingekuleta. Nilijiambia, apa, aje, atibiwe, apone, halafu wewe utubu. Nilikuwa na kalamu mkononi. Nikashindwa. Sasa sijui kama kushindwa kwangu ndiko kutakuua.

Mpira wa kuangalia pale nyongo inapotokea si kama mipira mingine. Jicho lake liko ubavuni, na kwenye ncha una kichuma kidogo kinachoinuka na kushuka, sisi tunakiita ulimi. Chini ya ulimi kuna kijishimo ambacho hata punje ya mchele haienei. Kitabu cha kazi kinasema: inua ulimi, piga brashi mara tatu, piga maji kwa sindano, shusha, inua tena, tazama kwa lenzi. Mimi nilikuwa napiga mara moja, nanusa. Hakuna aliyenifundisha kunusa. Ni mazoea yangu. Mpira safi hunuka dawa tu. Ukiwa na uchafu hata kama tone, pua yangu hulipata, na wenzangu walikuwa wananiita niwanusie na ya kwao. Nilijivunia pua hii kama watu wengine wanavyojivunia watoto wao.

Siku moja kabla yako, mpira ule uliingia kwa mzee mmoja wa manjano, njia yake ya nyongo imeziba, ndani yake kumeoza. Nikauosha. Brashi mara moja. Nikanusa, nikasikia harufu ya dawa, nikaupitisha. Nilikuwa na mafua, mdogo wangu. Siku ile ningenusa choo ningesema ni waridi.

Kile kitu cha kahawia ulichoona hakikutoka kwako. Cha kwako kingekuwa kibichi, kinateleza. Kile kilikuwa kimekauka, kimeiva kwa joto la mashine, kimekaa chini ya ulimi tangu jana yake. Uliponiona nakitazama nilikuwa nafahamu ni nini. Nikanusa tena, sikunusa kitu, ndipo nikajua pua ilikuwa imenikimbia. Nikakisuuza kikaenda na maji. Sikumwambia mtu. Nikatoka nikakuaga kwa mbali, nikakwambia ni mafua.

Kwa hiyo uchafu wa mzee yule niliutia kwenye nyongo yako kwa mkono huu unaoandika. Homa ilitoka kwetu. Ilitoka kwangu. Baada yako mpira ule niliuosha saa nzima, na hakuna mwingine aliyeingiziwa ukiwa vile.

Na swali la pili. Sijachunguzwa. Kila mwaka Daktari Miwani ananiambia, kila mwaka nasema mwakani. Si woga wa ugonjwa. Ni kinyaa. Mimi ndiye ninayejua vinywa vyote mpira huo umepita, na ulikotokea. Nawaambia wagonjwa ni safi, wasiogope, kisha nakaza meno yangu.

Mpira sasa ni safi. Lakini nani atanisadiki? Hata mimi nisingenisadiki.

Usimwadhibu daktari kwa kosa langu. Njoo utibiwe. Ukitaka, siku hiyo nitakaa mbali na hospitali.

Dada yako

16 Machi

Kinyaa,

Lori limekuja mara mbili bila jibu. Dereva kaniambia barua ulipokea, ukaisoma umeegemea gurudumu, ukaenda nyuma ya lori ukatapika. Ukarudi ukamwambia, "Hakuna jibu." Ameona aibu kuniambia, nikamlazimisha.

Nimekwenda kwa sista mkuu wa kitengo nikasema yote. Sikuyaita bahati mbaya. Aliniangalia kama mtu anayemwangalia mende kwenye bakuli aliloshakula nusu. Akafungua daftari la makosa akaniandikisha kwa mkono wangu mwenyewe. Wamenitoa chumba cha mipira wiki mbili, nikaoshe mashuka, nifundishwe upya kama mgeni. Mzee wa manjano amefuatiliwa alikolazwa, wakapima wadudu wake wajue ni dawa gani inawaua. Sista kaandika jina la dawa hiyo kwenye faili lako, ukija wakupe kabla.

Kama homa imerudi, usingoje lori wala barua. Nenda hospitali yoyote iliyo karibu.

Nafasi yako bado ipo, 1 Aprili. Sikuombi unisamehe. Nakuomba uje.

Sabuni

23 Machi

Dada Sabuni,

Ni kweli nilitapika. Na nilipomaliza nikanawa mdomo, nikakumbuka mzee wa manjano, nikatapika tena. Sijamjua sura lakini namjua ladha. Wiki mbili nilikuwa nikifikiri jina lako natema mate chini. Wifi yako aliniambia niache, naharibu sakafu.

Nilitaka kukuandikia matusi. Nilikuwa nayo, mengi na mazuri. Lakini kila nikianza, mkono unakuja kwenye jambo moja la kwangu, nalo nimelificha miaka sita.

Unakumbuka siku tulipohamisha vitu vya mama, nikaleta utumbo, ukapika mchuzi? Ulikula bakuli mbili. Ulisema mbele ya watu, "Huyu ndugu yangu ndiye anayejua kusafisha utumbo, hauna hata harufu." Dada, ule utumbo sikuugeuza. Maji yalikuwa yamekatika machinjioni, nilikuwa na haraka nisikukute umeshafunga nyumba ya mama. Niliukamua juujuu, nikautia ndimu na tangawizi nyingi. Ulichokila kilikuwa na majani ya ng'ombe ndani bado. Wewe ulidhani ni kiungo. Uliniuliza ni kiungo gani, nikakwambia ni siri ya kazi. Mimi sikula. Nilisema tumbo limejaa. Niliketi nakutazama unalamba vidole, na wewe ni dada yangu.

Basi tumelishana. Wewe kwa mpira, mimi kwa bakuli. Sijui Mungu anaweka wapi watu kama sisi, na nina hakika hatukai karibu na wapishi.

Nilikuwa nimekuomba neno moja uniapie, na ungeliandika ningekuja kama mwanakondoo. Ungenidanganya tu ungenipata, na hukudanganya. Hilo ndilo lililonifanya nichukue kalamu leo.

Nakuja tarehe 1. Lakini kwa masharti yangu, na ukivunja moja narudi na lori lilelile.

Wewe unalala kwanza. Asubuhi, mpira uleule. Ndugu wa tumbo moja, sivyo? Nataka uufungulie mdomo wako kabla sijaufungulia wangu. Kisha unauosha wewe, wiki zako mbili za mashuka zitakuwa zimekwisha. Na mimi nitasimama mlangoni. Usinuse. Nikikuona unapeleka pua, nimeondoka. Uinue ulimi unionyeshe kwenye mwanga, mimi ndiye nitakayesema unapita au haupiti. Miaka ishirini na mbili nakagua matumbo, kijishimo hakinishindi.

Mwambie sista mkuu. Akikataa, mwambie mbuzi mwenyewe ndiye anayetaka kumwona mchinjaji.

Kinyaa

9 Aprili

Mdogo wangu,

Dereva amesema ulipanda lori bila kusaidiwa na njiani ukawa unalalamikia harufu, kwa hiyo nimejua umepona. Majibu yametoka leo. Kivimbe ni kilekile cha mara ya kwanza, kimetoka chote pamoja na kingo, hakuna saratani ndani yake. Hakuna. Nimemwomba Daktari Miwani asome mara ya pili, kasoma, nikamwomba ya tatu akavua miwani akanipa nisome mwenyewe. Tarehe waliyokuandikia urudi kutolewa kile kibomba usiikose. Na baada ya miezi mitatu wakutazame tena, kwa sababu vitu hivi hupenda kurudi palepale.

Sasa nikusimulie yale ambayo hukuyaona, kwa sababu uliyoyaona unayajua.

Nilikataa sindano ya usingizi ili niweze kuinuka nioshe. Walinipuliza ganzi kooni tu. Nilijua kila kitu kitakachofanyika na haikunisaidia chochote. Nimelala ubavu wa kushoto, kidude cha plastiki mdomoni, mate yananitoka kwenye shavu yanaingia sikioni. Mpira ulipogusa koo, mwili wangu wote ukataka kuutema. Nikaona vile vinywa vyote, miaka kumi na moja ya vinywa, vimejipanga. Nilikuwa nasali ndani kwa ndani na sala ikakatika katikati, nikabaki na neno moja tu, toka, toka, toka. Daktari ananiambia, "Pumua, Sabuni." Nilinguruma kama mnyama. Watu kumi na moja kwa wiki nawaambia si kitu, ni dakika chache. Sitasema tena.

Halafu nikaosha. Ulikuwa pale mlangoni umefunga mikono, koti la hospitali limekuacha mgongo wazi, sura ya mkaguzi. Beseni lile lilikuwa na uteute wangu na povu la manjano, na nikagundua sikuwahi kuchukia uchafu wa mtu kama nilivyochukia wa kwangu. Wa watu ni kazi. Huu ulikuwa mimi. Nikainua ulimi. Brashi moja, mbili, tatu. Maji ya sindano. Nikashusha, nikainua. Mkono ulitaka kupeleka ncha puani wenyewe, miaka kumi na moja si kidogo, uliona? Nikaurudisha. Sista mkuu akatazama kwa lenzi, akatia sahihi, mashine ikamaliza kazi yake. Kisha wewe ukausogelea dirishani, ukafumba jicho moja, ukazungusha kichwa kama kuku anayetazama mwewe. Ukasema, "Huu naupitisha." Sista akageuka ukutani nisimwone anacheka.

Ulipolala niliruhusiwa kusimama nyuma ya kioo. Nilikiona kwenye televisheni yao. Kama uyoga uliolowa, wekundu wa fizi mbovu, umekaa juu ya mlango wa nyongo kama mwenye nyumba. Kitanzi kikakivika. Moshi. Damu kidogo, wakaibana. Halafu nyongo ikaja, ndiyo, ile unayoiogopa, kijani na dhahabu, lakini ikapita njia yake ikaenda zake. Wakanipa kichupa nipeleke maabara, kivimbe kimo ndani ya dawa kinaelea, kinagusagusa kioo. Nilikishika kwa ncha za vidole kama nimeshika panya kwa mkia. Sijawahi kuchukia kitu kidogo namna ile. Korido nzima nilikuwa nakiambia: wewe ndiye uliyemla mama.

Kuna jambo la mwisho na sitalizungusha, nimejifunza. Daktari aliponitazama aliona na kwangu. Viwili, vidogo, chini kidogo ya mahali pako, bapa kama vipele vya joto. Alinyofoa kipande, na majibu yake yametoka pamoja na yako. Ni vya aina ileile, bado si saratani. Vitatolewa 13 Aprili, kabla hajasafiri. Kama usingeniwekea sharti lile ningesema mwakani.

Safari hii nitalala usingizi, siwezi kuosha wala kukagua. Atakayeosha ni mwenzangu wa zamu ya pili, yule anayeimba akiosha. Naogopa, Kinyaa, na nina kinyaa mpaka kwenye meno. Sikuambii uje. Najua umetoka juzi tu, na safari ni ndefu.

Dada yako,
Sabuni

10 Aprili

Dada Sabuni,

Dereva nimemsimamisha aningoje, ndiyo maana mwandiko umepinda.

Tangu nirudi nageuza kila utumbo ndani nje, mpaka wa mteja asiyejua tofauti. Foleni ya machinjioni inanitukana. Jana nilikuta wenye vijipele viwili bapa, nikausogeza kwenye taa nikautazama muda mrefu, mkaguzi akaniuliza kama nataka kuuoa. Nikamwambia paka bluu. Sikuweza kula mchana.

Nakuja na lori la kesho kutwa. Mwambie mwenzako aache kuimba siku hiyo, brashi ni mara tatu na mimi nahesabu. Nakuja na taa yangu ya kazini. Utumbo sileti.

Nakumbuka nilivyozinduka mimi tarehe 1. Ulinipa maji ya kunywa kwenye kikombe cha bati, nikanywa nusu, mdomo wangu una damu na uteute na sijui nini, nikakurudishia. Wewe ukayamaliza. Ukadhani nimelala. Niliona, na nikafumba macho nisije nikatapika.

Ukizinduka utanikuta nimekaa hapo. Nitakushikia kikombe, utakunywa utakavyoweza, na yatakayobaki nitayanywa mimi. Nitafumba macho, nitaziba pua, lakini nitayanywa.

Mdogo wako,
Kinyaa